Vumbi la Mavuno

Kiswahili hakina vumbi moja. La njiani, laini, linalofunika nyayo wakati wa kaskazi, ni tifutifu. Ganda la mpunga ni kumvi. Ungaunga unaotoka kinuni mchele unapotwangwa ni wishwa. Maganda ya nafaka kwa jumla ni makapi, na yanayosalia ya kupewa kuku ni pumba. Mchele uliovunjika ni chenga, na chenga si uchafu, bali ni uji wa mtoto. Waliotuachia majina haya hawakuwa wakichezea maneno. Walitaka kila kinachodondoka kutoka katika ungo kiwe na pa kwenda: hiki cha kuku, hiki cha moto, hiki kirudi kinuni.

Kimoja tu hakikupewa jina lake. Ni kile kisichodondoka. Hicho hupaa. Huonekana pale tu mwale wa jua unapopenya makuti, kikielea kama kitu kisicho na uzito wala nia, kisha hupotea machoni. Lakini hakipotei. Hushuka mahali asipopaona mtu, ndani ya kifua cha anayepepeta. Hicho tumekiita vumbi basi, tukakipungia mkono, tukaendelea na kazi.

Mwaka juzi niliombwa kufasiri kijitabu cha kurasa 12 juu ya vumbi la shambani na madhara yake kwa pumzi. Mimi si tabibu. Kufasiri nimejifunza mwenyewe, kwa kamusi mbili zilizochanika na kwa kuwasumbua wenye lugha, kama nilivyojifunza kutunga kwa kuwasikiliza watungao. Kwa mfasiri wa namna yangu kila somo ni nyumba ya watu: huvua viatu mlangoni, huketi, kisha huuliza.

Kijitabu kile kiliandikiwa wakulima wa nchi za baridi. Ndani yake mlikuwa na maghala marefu ya chuma, mabanda yaliyofungwa madirisha kwa ajili ya theluji, na majani makavu ya kuwalisha ng'ombe. Kilieleza habari za ugonjwa uliopewa jina la mwenye kuugua: pafu la mkulima. Mwaka 1932 tabibu mmoja wa Kiingereza, Campbell, aliandika juu ya wakulima wa Westmorland, kaskazini mwa Uingereza, waliougua baada ya kushika majani yaliyovunwa katika kiangazi cha mvua nyingi. Majani yakifungwa kabla ya kukauka sawasawa hupata joto ndani kwa ndani, na katika joto hilo huota kuvu na bakteria wapendao joto. Robota likifunguliwa, chembe zao za uzazi huruka. Mkulima akizivuta mara kwa mara, mwili wake hujifunza kuzichukia, na vita vya chuki hiyo hupiganwa ndani ya mapafu yenyewe. Baada ya saa chache huja homa, kutetemeka, kikohozi kikavu na kukatika pumzi, na mtu hudhani ameshikwa na mafua, au kwetu sisi, malaria. Vita vikirudiwa miaka na miaka, pafu huota makovu, na kovu halipumui.

Sisi hatuna majani ya kufungia marobota kwa ajili ya ng'ombe wa theluji. Lakini ni nani miongoni mwetu ambaye hajafungua gunia la mpunga ulioanikwa nusu, au la mbata iliyovunda, au la karafuu iliyonyeshewa, akapigwa usoni na ukungu? Hapa lugha iliona mbali. Ukungu ni ule wa alfajiri juu ya bahari, na ukungu ni huu wa kitu kilichovunda. Mmoja huziba njia ya nahodha, mwingine huziba njia ya pumzi.

Yapo maneno yaliyokataa kuvuka. Gumu kuliko yote lilikuwa lile la vumbi jepesi lisiloanguka. Nikaenda kwa jirani yangu, mama mtu mzima aliyelima mpunga maisha yake yote, nikamkuta uani na ungo wake.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, lakini usisimame hapo."

Nilikuwa nimesimama mbele yake, upande uendako upepo. Nikahama. Nikamwuliza vumbi lile linaloruka lisianguke, wao hasa wanaliitaje. Akacheka mpaka ungo ukatikisika.

"Hilo haliitwi, mwanangu. Hilo hukimbiwa."

Mabaharia wetu wana maneno mawili kwa jambo hili: joshini, upande utokako upepo, na demani, upande uendako. Mama yule hajapata kushika usukani, lakini hupepeta akiwa joshini siku zote. Kusi ikigeuka kaskazi, naye huhama upande wa pili wa ua, mkeka, ungo na kigoda. Nusu ya maarifa ya kijitabu changu alikuwa nayo miguuni. Tatizo ni kwamba kazi imeuacha ua. Imeingia chini ya bati, penye injini na mkanda na kuta nne, na ndani ya kuta nne hakuna joshini.

Nusu ya pili ya maarifa ilikuwa ya vipimo, na hiyo nilijifunza pamoja na wasomaji wangu. Vumbi hupimwa kwa maikroni, yaani mita moja ikigawanywa mara milioni. Unywele wa kichwani una unene wa maikroni 70 hivi. Chembe kubwa hunaswa na pua na koo, zikatoka kwa chafya na makamasi. Zilizo chini ya maikroni 10 huweza kulipita koo. Zilizo chini ya 4 au 5 hufika mwisho wa safari, kwenye vile vifuko vidogo vya hewa ambavyo katika mapafu ya mtu mzima ni mamia ya milioni. Kwa hiyo vumbi tulionalo, linaloyafanya macho yatoe machozi, silo la kuogopwa zaidi. La kuogopwa zaidi halionekani.

Wala vumbi la shambani si udongo peke yake. Ni vipande vya majani na maganda, kuvu, kinyesi cha wadudu na cha panya, na mabaki ya bakteria. Bakteria wengine wakifa huacha katika magamba yao sumu iitwayo endotoksini, na pafu haliulizi kama mwenye sumu yu hai au amekwisha kufa. Hukasirika vilevile. Njia za hewa huvimba na kujibana, na mtu husikia kifuani mwake mlio kama wa filimbi iliyopasuka.

Nilipofika ukurasa wa nane, kwenye maelezo mafupi juu ya vumbi la nyuzi, kalamu ilisimama. Pale nilimkuta mjomba wangu.

Mjomba, kaka yake mama, alivuka kutoka Pemba kwenda Tanga katikati ya miaka ya 1960, kama walivyovuka wengi wa rika lake, kufuata mkonge. Mkonge wenyewe si mzaliwa wa Tanga. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62. Katika hiyo 62 ndimo lilimotoka jeshi lile la miiba lililopanga safu zake katika mabonde na vilima, hata kufikia mwaka 1964 Bara ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kuliko nchi yoyote duniani. Kamba zilizofunga mizigo ya mataifa zilipita katika mikono ya watu wetu. Zilipita pia vifuani mwao.

Katika shamba moja ambalo jina lake nitaliacha lilale, mjomba alianza kwa kukata majani, kisha akapelekwa korona. Vijana wakisikia korona hukumbuka mwaka 2020, lakini kwa watu wa mkonge korona ilikuwa mashine ya kuparura majani, nao walilisema jina hilo bila kuliogopa. Korona ni majimaji. Hunuka, lakini haina vumbi. Singa zikitoka huko huanikwa juani kwenye nyaya, na zikishakauka hupelekwa brashi. Hapo pipa lenye meno huzunguka kwa kasi likizipiga singa mpaka zing'ae, na kila kilichokauka juu yake hugeuka unga na kuruka. Mjomba alikaa brashi miaka 14.

Naye alikuwa na sauti. Hakuwa mtunzi, alikuwa mghani. Watunzi walimpelekea tungo zao awatolee arusini na barazani, kwa sababu shairi lililopita kinywani mwake lilimrudia mwenyewe likiwa limekua. Msomaji wa kurasa hizi hahitaji kuambiwa kuwa mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, yaani 8 za ukwapi na 8 za utao. Lakini huenda hajapata kuuhesabu kwa pumzi. Mghani hodari huvuta hewa mwanzo wa mshororo, akaupita ukwapi, na pale katikati haazimi hewa nyingine, bali hupandisha sauti na kushuka nayo hadi mwisho wa utao. Mama akinisimulia kuwa kaka yake, kabla ya kuvuka, alikuwa akiichukua mishororo miwili kwa pumzi moja, na wanawake wa upande wa pili wa ukuta wakiacha kuzungumza.

Mimi nilimjua aliporudi moja kwa moja, mwanzoni mwa miaka ya 1980, nami ni mtoto wa madrasa. Jioni aliniketisha kando yake barazani. Alighani ukwapi, kisha akaninyooshea kidole nimalizie utao. Akaghani tena, akaninyooshea tena. Ndivyo nilivyojifunza mizani, na hata leo nikitunga huisikia ile nusu ya kwanza kwa sauti yake na nusu ya pili kwa sauti yangu ya kitoto. Ndivyo pia alivyokisitiri kifua chake mbele ya watu, kwani pumzi yake ilikuwa ikiishia pale katikati.

Akisimulia habari za brashi alikuwa na kauli moja asiyoichoka: kwamba siku nzito ni Jumatatu. Wenzake barazani walicheka. Nani anayeipenda Jumatatu? Yeye hakucheka. Alisema Jumapili kifua kilikuwa kikifunguka, mtu akalala vizuri, akaamka mzima. Jumatatu akiingia brashi, ikifika mchana ni kama amefungwa kamba ya mkonge wenyewe mbavuni. Jumanne kamba ililegea kidogo, Jumatano ikalegea zaidi. Hayo yalikuwa ya miaka ya mwanzo. Baadaye siku zote zikawa Jumatatu.

Ukurasa wa nane ulieleza hayohayo, siku kwa siku. Ugonjwa huo huitwa bisinosisi, nao huwapata wanaovuta vumbi la pamba, kitani, katani na nyuzi za jamaa hiyo. Dalili yake ya mwanzo ni kifua kubana siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, kisha nafuu kadiri wiki inavyokwenda. Mtu akiondolewa mapema katika vumbi, kifua huweza kurudi. Akiachwa, kubana huenea wiki nzima, na mwisho pumzi hupungua isirudi tena. Bandu bandu huisha gogo.

Jina hilo, lenye asili ya neno la Kiyunani la kitani safi, lilitolewa mwaka 1877 na tabibu Mfaransa Adrien Proust. Wapenzi wa fasihi watamtambua kwa ubini: ni baba yake Marcel Proust, mwandishi wa ile riwaya ndefu ya kuutafuta wakati uliopotea. Marcel alibanwa na pumu tangu utotoni, akafa mwaka 1922, na sehemu kubwa ya kitabu chake aliiandika usiku, kitandani, katika chumba ambacho kuta zake zilifunikwa kwa gome la koki. Baba aliupa jina ugonjwa wa vifua vya wafanyakazi, na mwana akaililia pumzi yake nyumbani. Pumzi ya mwana imeandikiwa vitabu vya kujaza maktaba. Siwaonei wivu wenye vitabu. Nawahesabu tu wasiokuwa na hata ukurasa.

Hata hivyo ukurasa ulikuwapo. Mwaka 1978 jarida moja la kitabibu la Uingereza lilichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mkonge wa Tanzania, likaonyesha kuwa bisinosisi iliwashika watu wa brashi kuliko sana wale wa kusokota. Mjomba alikuwa angali brashi mwaka huo. Makala ile haikufika alipokuwa, wala haikuandikwa kwa lugha aliyoijua. Alifariki mwaka 1991, na waliomzika walisema ni pumu, neno letu la kufunikia kila kifua kilichoshindwa.

Tangu siku hiyo sikuufasiri tena ukurasa wa nane kama mtu afanyaye kazi ya ujira. Niliuandika mara saba. Nilitaka uwe wa kusomeka na mtu aliyeketi juu ya robota, wakati wa mapumziko, kwa dakika tano.

Mwaka 1700, huko Modena nchini Italia, tabibu Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi, na ndani yake wamo wapepetaji na wapimaji wa nafaka. Aliwausia matabibu wenzake waongeze swali moja juu ya yale waliyorithi kwa Hippocrates: mgonjwa anafanya kazi gani? Swali ni jepesi, halihitaji mashine wala maabara. Zaidi ya miaka 300 imepita, na bado husahauliwa.

Mwana wa dada yangu anaendesha mashine ya kukoboa mpunga. Mwaka jana alikohoa wiki sita. Alipokwenda kutibiwa aliulizwa kama anavuta sigara, na yeye havuti. Makohozi yake yalipimwa kifua kikuu, na ilikuwa haki kupimwa, kwa kuwa kikohozi kinachopindukia wiki mbili hakifanyiwi mzaha. Hakikuonekana kitu. Akapewa dawa ya maji, akarudi mashineni. Hakuna aliyemwuliza anafanya kazi gani, ingawa vumbi lilikuwa bado katika nyusi zake.

Dada akaniita. "Kaka, zungumza naye. Wewe ndiye mjomba wake."

Nilimkuta mlangoni mwa kibanda, kichwa cheupe kama cha mzee, gunia mgongoni. Nikamweleza yote, ya Jumatatu na ya kovu lisilopumua. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mjomba," akasema, "vumbi hili ndilo linalotulisha."

Sikuwa na methali ya kumjibu. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, lakini kijana huyu huchumia kivulini, na kivuli hicho ndicho kinachomla. Kumwambia aache kazi ni rahisi kwa mwenye mshahara. Analipwa kwa gunia, na mwenye kulipwa kwa gunia hasimami kukohoa.

Basi hatukuzungumzia kuacha. Tulizungumzia upepo. Tulitoa mabati ya kuta mbili zinazotazamana, moja joshini na moja demani, ili hewa ipite. Tukaunga bomba la bati kutoka mdomo wa mashine, likatema kumvi nje, mbali na anaposimama. Sakafu sasa hunyunyizwa maji kabla ya kufagiwa. Mpunga wenye unyevu na harufu ya ukungu hurudishwa kwa mwenyewe auanike tena, na jambo hilo limemkosesha wateja wawili. Kwa kung'uta magunia hutumia barakoa ya ile namna inayoshika uso barabara, kwa kuwa leso hunasa vumbi kubwa tu na kuliacha dogo lipite. Neno lenyewe, barakoa, lilikuwa la mabibi wa kasri waliositiri nyuso zao, likalala karibu kufa, na mwaka 2020 likaamka kufanya kazi nyingine. Maneno nayo huhama kazi. Laiti watu wangeweza kuhama kwa urahisi huo.

Tena nilimtuma arudi kwa daktari, aanze yeye kusema kabla ya kuulizwa: mimi ni mtu wa mashine ya mpunga, msimu ukija nakohoa, msimu ukipita napona. Safari hii alipuliziswa katika kifaa cha kupimia pumzi, kazi yake ikaandikwa kwenye faili, na akapewa dawa nyingine, ya kuvuta. Hajapona kabisa wala hajaacha kazi. Lakini anaijua Jumatatu yake, na ameahidi kuwa siku zote zikianza kuwa Jumatatu, ataondoka. Dada hulihesabu juma kwa vidole.

Kijitabu kimekwisha kuchapwa na kugawiwa. Kwa lile vumbi lililokosa jina niliandika "vumbi lisiloanguka". Mhariri alitaka neno moja la kitaalamu, nami nikamwomba avumilie mawili ya nyumbani, akakubali. Kwenye ukurasa wa nane, mahali ambapo asili ilitaja nyuzi nyingi, mkonge umetajwa wa kwanza.

Nawaandikia haya ninyi mnaopenda mashairi kwa sababu sisi, zaidi ya wengine, tunaishi kwa pumzi za watu. Kila utungo tulioupokea ulibebwa na kifua cha mtu aliyekuwa na kazi nyingine mchana: mwanika karafuu, mpiga makumbi, mkoboa mpunga, mtu wa brashi. Tumezihifadhi beti zao, tumezibishania, tumezihesabu mizani. Vifua hatukuvihesabu. Basi ukimsikia mzee akiukata mshororo katikati, usiseme kuwa ameusahau utao. Mwulize kwanza alikuwa akifanya kazi gani.